Mgeni wa Saa Kumi na Mbili Jioni

Nyumbani kwa Mama Kavindu,
S.L.P. 74,
Kangundo, Machakos.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Musili,

Pokea salamu zangu kabla hujautambua mwandiko ukaamua kuikunja karatasi. Ni mimi dada yako, Ndila. Habari za huko Doha? Joto la mwezi huu linakutendeaje, na lile goti linalokuuma ukisimama zamu ndefu getini? Je, unakula chakula cha maana au bado ni mkate na chai ya rangi, kama ulivyokuwa ukiniambia wakati tulipokuwa tukiongea? Najua huwezi kunijibu haya yote, lakini siwezi kukurukia na maneno mazito kama mtu ambaye hakulelewa.

Sisi huku tuko, namshukuru Mungu. Baridi ya Juni imeshuka na ukungu hauondoki kwenye kahawa mpaka saa nne. Ng'ombe alizaa ndama jike mwenye doa jeupe shingoni. Mama ana kikohozi kidogo, lakini anatembea, anakula, na ukimdanganya hesabu ya mayai anakushika hapo hapo. Mwilini hajambo. Mambo mengine juu yake nitakuambia mbele kidogo.

Barua hii anakuletea Pauline, binti ya mwalimu wetu wa zamani, ambaye likizo yake imekwisha na anarudi kazini huko Jumatano. Ameniahidi atakukabidhi mkononi siku ya Alhamisi, hata kama itabidi akungoje getini kwenu mpaka zamu iishe. Nimekupigia simu mara tisa, haiingii. Nikaomba simu ya Pauline, ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukakata. Sikulaumu. Lakini hata kama ungepokea, nadhani jambo hili ningeliandika tu, kwa sababu uongo niliokutumia ulikuja kwa simu, na sina imani tena na kile ninachokisema nikiwa nimeshika hicho kitu.

Musili, mkeo Linet hakuingiza mtu yeyote nyumbani kwako. Hakuna mwanamume. Hakuwepo hata mmoja, wala siku moja. Nimeliandika mapema ili hata ukiishia hapa, liwe limekufikia. Lakini nakuomba usiishie hapa, kwa sababu baba yake ametupa siku, na siku hiyo ni Jumamosi ya tarehe ishirini na moja.

Acha nianze mwanzo. Unakumbuka Februari ulipomtuma fundi afunge waifai nyumbani kwako ili uwe unamwona mtoto kila Jumapili. Sote tulifurahi. Mama alivaa leso mpya siku ya kwanza, akakusalimu akiwa amekiangalia kile kisanduku chenye taa badala ya simu, tukacheka mpaka machozi. Halafu Machi ukasikia kwamba watu wanaibiwa paswadi, wezi wanaingia kwenye mtandao wa nyumba ya mtu na kumchungulia. Ukaniwekea ile programu ya ulinzi kwenye simu yangu. Ukasema mimi ndiye mkubwa, Linet ana kazi nyingi, nikiona mgeni nikwambie. Ulinipa kazi ya askari, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kufunga. Nafunga banda, nafunga lango, nafunga pipa la mahindi na kamba mara mbili. Katika kikundi chetu cha akina mama wamenipa funguo za sanduku miaka kumi na mmoja mfululizo. Basi mwenzetu mmoja kwenye kikundi akasema kwamba ukitoka nyumbani na waifai ikiwa imebaki ndani ya simu yako, mwizi anaweza kuitoa huko njiani. Nikaona ni kweli kabisa. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla sijatoka kwako nilikuwa naufuta ule mtandao kwenye simu, kama mtu anayezima jiko kabla ya kulala, na kesho yake jioni nikifika naandika paswadi upya. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona ni akili yangu nzuri.

Wiki ile ile maonyo yakaanza. Ilikuwa jioni, nimetoka kuchuma kahawa, nimepitia kwako kumwona mtoto. Nimeketi tu, simu ikalia mlio ambao sikuwahi kuusikia. Nikasoma: Onyo la usalama. Kifaa kisichojulikana kimejiunga na mtandao wako. Huenda mtandao wako umevamiwa. Chini yake palikuwa na namba ndefu yenye herufi ndani yake, na saa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Nikamtazama Linet. Alikuwa anamwogesha mtoto wenu Kavindu kwenye beseni, amenipa mgongo. Nikamuuliza kama kuna mtu. Akasema yuko peke yake na mtoto.

Kesho yake jioni, mlio tena, na namba ilikuwa nyingine. Siku ya tatu, namba nyingine. Siku niliyolala na homa, simu ilinyamaza. Jumapili tulipokuwa kwenye ibada mpaka usiku, simu ilinyamaza. Lakini kila nilipokanyaga kwako jioni, sijamaliza hata kikombe cha chai, onyo linaingia. Sikujiuliza ni kwa nini huyo mgeni anapenda kuja nikiwepo. Nilijijibu kwamba ni Mungu ananionyesha. Kwamba anaingia kupitia kwenye mibuni ya nyuma, anasikia mbwa akinibwekea, anajificha, lakini simu yake inamsaliti.

Musili, mtu akishaamua, kila kitu kinakuwa shahidi. Niliona gambuti kubwa mlangoni. Zilikuwa za Linet, za kukamulia, wewe ndiye ulimnunulia. Niliona koti la mwanamume limeanikwa kwenye kamba. Lilikuwa koti lako, alilitoa sandukuni lipate hewa kwa sababu lilianza kunuka ukungu. Jioni moja nilisikia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba, nikasimama nje ya dirisha nikitega sikio, kumbe ni redio. Hata nilipojua ni redio, nilisema ameifungua ili kuficha sauti ya mtu mwingine. Naona aibu.

Mwisho wa Aprili nilikuwa na maonyo ishirini na matatu, na namba ishirini na tatu tofauti. Nilizihesabu kama watu ishirini na watatu. Hebu fikiria, mwanamke mmoja, mtoto wa miaka minne, ng'ombe wa kukamuliwa na shamba la ekari mbili, halafu wanaume ishirini na watatu. Mtu mwenye akili timamu angecheka. Mimi nilipiga picha za skrini moja moja nikakutumia, na chini nikaandika yale maneno. Sitayarudia hapa. Unayo.

Na kuna jambo ambalo lazima nilikiri, maana nisipolikiri barua hii itakuwa nusu. Sikuandika kwa uchungu peke yake. Palikuwa na utamu kidogo. Mwezi wa pili Linet aliniambia kwa adabu, akimenya viazi, bila kuinua macho: "Anti, usiskie vibaya. Ukikuja si ungepiga hodi tu? Siku ingine utanipata sijavaa." Basi. Hakusema zaidi. Mimi nilichemka. Nipige hodi kwa ndugu yangu, kwenye shamba la baba yangu, nyumba ambayo mawe yake niliyabeba mimi kwa kichwa? Nikaendelea kuingia bila hodi, na kila nilipoingia lile neno lake lilinichoma. Kwa hiyo maonyo yalipoanza, sehemu fulani ya moyo wangu ilisema, kumbe ndiyo sababu alitaka hodi.

Ulipompigia Jumapili ile ukamuuliza, alicheka. Ulikasirika kwa sababu alicheka. Nilikuwepo, nilisikia kile kicheko, na nakuapia, ni kicheko cha mtu anayedhani anataniwa na mumewe. Kilipokatika, kilikatika vibaya. Ukamwambia arudi kwa baba yake Mwala mpaka utakapokuja, ukafunga simu, na tangu hapo ukatufungia sote.

Aliondoka Jumanne, tarehe kumi na tatu Mei, asubuhi. Alichukua begi moja na mtoto. Alikamua ng'ombe kwanza, akayaweka maziwa jikoni kwa mama, akauosha mkeka wa mtoto na kuuanika. Ufunguo alinipa mimi mkononi. Nilitegemea atanitukana. Aliniambia tu, "Anti, sasa unaweza ingia saa yoyote." Nikamwona akishuka kuelekea barabarani, Kavindu mgongoni ingawa ni mkubwa wa kutembea, kiatu kimoja cha mtoto kimefunguka. Sikumwita nimfungie. Hicho kiatu bado nakiona.

Sasa nikuambie kuhusu mama. Unajua tulimpa mtoto wako jina la mama, kama inavyotakiwa, na unajua mama alivyolichukua. Hajawahi kumwita mjukuu. Anamwita mimi. "Mimi nimelala," "mimi nimekataa uji leo," na tulizoea. Jioni ile nilimkuta ameketi juu ya ndoo nje ya jiko, leso imefungwa kiunoni, fimbo magotini, kama mtu anayengoja gari. Nikamwambia aingie ndani, baridi itampata. Akaniangalia, akasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, niingie kwa nani? Si mmenifukuza?" Nikamwambia hakuna aliyemfukuza. Akasema Kavindu ametolewa nyumbani asubuhi na begi, kila mtu ameona, sasa yeye anangoja aambiwe anapelekwa wapi.

Nilidhani ni uzee. Lakini amekuwa hivyo wiki ya nne sasa, na akili yake ni nzima. Kila siku jioni anatoka na kuketi pale pale. Chai yangu hainywi isipokuwa nimwite kama mgeni, karibu, karibu mama. Aliniambia mapema, mwezi wa Machi, kwamba hakuna mtu anayekuja kwa Linet, kwamba yeye anaketi nje kutwa na macho yake yako sawa. Sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa na simu.

Siku chache baada ya wao kuondoka, nilienda kwako jioni kufagia. Nyumba ilikuwa imefungwa, ufunguo ni mmoja na niko nao mimi. Nikaingia. Kile kisanduku kilikuwa kinapepesa taa zake kwenye kona kama kawaida. Ukutani kuna mistari ya penseli ambayo Linet alikuwa akimpimia mtoto urefu. Nikaandika paswadi nipate kuona kama umeniandikia chochote. Nikaanza kufagia. Mlio ukaja.

Kifaa kisichojulikana kimejiunga na mtandao wako.

Nilisimama na ufagio. Nikaita nani, sauti yangu ikatoka kama ya mtoto. Nikafungua chumba, nikafungua stoo, nikainama chini ya kitanda. Nikazunguka nyuma kwenye mibuni. Hakuna nyayo, hakuna mtu, mbwa amelala. Na simu inasema yumo ndani pamoja nami. Niliondoka mbio, Musili, mimi na miaka yangu hamsini na miwili, nikiwa nimeacha kandambili moja mlangoni, ingawa hata langoni sikusahau kuufuta mtandao.

Kesho yake mchana niliwaita mama wawili wa maombi na katekista. Kabla ya wao kufika, niliingia kwanza kufungua madirisha, na simu ikalia. Walipofika niliwaonyesha. Katekista alisoma, akakohoa, akanyunyiza maji ya baraka pembe zote nne, akamalizia na kile kisanduku, ila kwa mbali kidogo kwa sababu ya umeme. Tukaimba. Jioni nikarudi peke yangu kujaribu, na simu ikalia. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kuhusu baba. Nilifikiri ni yeye, ametoka kaburini kuja kumtafuta mjukuu wake, na akikuta nyumba tupu atauliza ni nani aliyefanya hivi. Siku tisa sikukanyaga kwako. Nilikuwa naiangalia nyumba kutoka upande wangu, giza likiingia bila taa yoyote kuwashwa, na nilikuwa naogopa, wala sikuwa na wa kumwambia kwa sababu mama haongei nami na wewe umenifungia.

Mwishowe niliona nitapata wazimu. Jumatano iliyopita nilienda mjini Machakos, nikamwona Safiya, yule dada anayetengeneza simu na kufunga waifai karibu na msikiti. Ni msichana mpole, mwembamba, anaongea haraka. Nilitaka kumwambia nusu, nikajikuta nimemwambia yote. Hakucheka. Alifunga duka lake saa saba, tukaja naye mpaka nyumbani.

Aliketi kwenye kiti chako, akatoa kompyuta yake, akaangalia kile kisanduku kwa muda mrefu. Halafu akaniomba simu yangu, akaniuliza naitumiaje. Nikamwonyesha kila ninachofanya, nikifika, nikiondoka. Akaacha kuandika.

"Mama, ni mara ngapi unafuta hii network?"

"Kila siku nikitoka."

"Kila siku?" Akaniangalia. "Hebu ifute saa hii. Haya. Sasa toka nje kabisa, mpaka kwa lango. Halafu ukuje uingie vile wewe huingia."

Nikatoka mpaka langoni. Nikarudi, nikaingia, nikaandika paswadi, nikamtazama. Tukangoja. Kuku mmoja alikuwa anapekua nje, ndicho kitu pekee nilichokisikia. Halafu mlio.

Safiya alisema nirudie. Nikatoka, nikaingia, mlio. Mara ya tatu nilipokuwa natoka nilikuwa nimeshaelewa, lakini niliendelea kutembea mpaka langoni kwa sababu sikutaka anione uso. Niliporudi alikuwa ameniletea kiti.

"Pole, mama. Hakuna mtu. Simu za siku hizi ziko hivyo, zinajificha ndio zisifuatwe na watu wabaya. Ukifuta, inasahau, ukirudi inaingia na namba mpya, inaonekana ni simu ingine. Na hii app haijui kufikiria, inapiga tu kelele. Huyo mgeni ni wewe."

Mara zote ishirini na tatu, Musili. Saa kumi na mbili jioni, saa ninayotoka shambani. Mtu aliyekuwa akiingia kwenye nyumba yako bila ruhusa alikuwa mimi, na simu ilikuwa inanipigia ile hodi niliyokataa kuipiga.

Unakumbuka ulipokuja likizo ulituambia kwamba huko kazini kengele ya moto hulia kila wiki kwa sababu mtu amechemsha chai karibu na kile kifaa cha kunusa moshi? Nilikuuliza huwa mnafanya nini, ukasema mnaenda kwanza kuangalia kwa macho. Mimi sikuenda kuangalia. Wala wewe hukuangalia, ndugu yangu. Silisemi hili ili nipunguze mzigo wangu, ni wangu. Lakini wewe mlinzi ulipata kengele ukamfukuza mwenye nyumba.

Ijumaa nilienda Mwala. Niliteremka stendi nikachukua bodaboda mpaka kwa Mzee Kilonzo, baba yake Linet. Nilisimama nje ya lango la miiba, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilipiga hodi kwa sauti. Hakuna aliyeitikia. Nikapiga tena, jua likiwa utosini. Nilimwona Kavindu karibu na mitungi ya maji, amenyolewa, amepungua. Nikamwita kwa jina. Aliniangalia, halafu akaenda akajificha nyuma ya mitungi, akavuta miguu yake ndani nisiione. Mtoto aliyekuwa akilala kwenye paja langu. Kama kuna adhabu nyingine inaningoja huko mbele, haiwezi kuwa kubwa kuliko hiyo.

Mzee Kilonzo alitoka baada ya muda. Hakufungua lango. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikimweleza mambo ya simu na namba, na nikajisikia jinsi ninavyosikika. Akasema, "Hiyo maneno yako nimesikia. Lakini si wewe ulioa. Mwenye alisema atoke aseme arudi, na mdomo yake." Halafu akaniambia kwamba Jumamosi tarehe ishirini na moja watu wake wataleta Kangundo mbuzi wa ntheo, wale tuliowapelekea ulipomwoa Linet. Linet hakutoka, ila niliona mlango wa nyumba uko wazi kidogo, na nadhani alikuwa anasikia.

Wewe unajua mbuzi wa ntheo wakirudi, ndoa imekwisha. Pengine hukumbuki vizuri, lakini unajua. Ulikuwa na miaka tisa niliporudi nyumbani kutoka Tala na sanduku la bati, kwa sababu mama mkwe wangu alisema ameniona nikitoka kwa mwenye duka asubuhi. Mwenye duka nilikuwa nimempelekea mayai. Hakuna aliyeenda kuangalia. Baba aliwatoa mbuzi, na wewe ndiye uliyeshika kamba mpaka Tala, unafurahia safari, unawachumia majani njiani. Nilikuwa nimesimama karibu na kibanda nikikuangalia. Miaka ishirini na tisa nimejiuliza mtu anayeweza kumfanyia mwenzake hivyo ana moyo wa namna gani. Sasa najua, ni moyo wa kawaida tu.

Kwa hiyo nakuomba, Musili. Mpigie Linet. Namba yake ni ile ile, hajaibadilisha, na Safiya alipojaribu kuipigia iliita. Usimpigie kumwuliza chochote, umeshauliza ya kutosha. Mwambie umekosea, mwambie dada yako amesema uongo akidhani ni ukweli, halafu mwombe mzee asikie kwa mdomo wako. Ukinichukia baadaye sawa. Ukisema nisikanyage kwako tena, nitakubali, na ufunguo nitaupeleka kwa mama. Lakini piga kabla ya tarehe ishirini na moja.

Mimi Jumamosi hiyo sitangoja hapa mbuzi waletwe. Tutashuka Mwala alfajiri, mimi na mama, na mbuzi wetu mmoja wa kuomba msamaha, yule dume mweusi. Mama nilimwambia jana. Aliuliza kama tunaenda kumrudisha, nikasema ndiyo, akainuka kwenye ile ndoo yake akaingia jikoni mwenyewe. Hilo peke yake limenipa nguvu ya kuandika kurasa hizi.

Wanakusalimu wote. Kikundi changu kinakusalimu, ingawa wengine wananiangalia kando, wana haki. Msalimie Pauline kwa niaba ya mama yake na umshukuru kwa kazi ya kubeba mzigo huu. Safiya hakutaka malipo, alisema tu nikuambie uiondoe ile programu. Mama anasema ule, na anasema Kavindu anakusalimu, na sikumwuliza ni Kavindu yupi.

Mungu akulinde zamu zako zote, akupe macho ya kuona na masikio ya kusikia kabla ya mdomo, na akurudishe nyumbani ukute taa imewashwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipotaka,

Ndila.

Nimesahau jambo moja. Safiya alitaka kuirekebisha simu yangu isilie tena, ni kazi ya dakika mbili tu. Nilimkataza. Nikifika kwako jioni nasimama kizingitini, napiga hodi, nangoja kidogo ingawa najua hakuna wa kuitikia. Halafu naingia, naandika paswadi, naketi. Ikilia kwamba kuna mgeni ndani ya nyumba hii, namwambia ndiyo, nimesikia. Itazimwa na Linet mwenyewe, akirudi.